Dinosaria wangeweza kuchemsha chumvi ya Uvinza?

Kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, kuanika dagaa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwalinda. Akina mama wakishawatandaza juu ya changarawe, jua la kiangazi huwakausha upesi, lakini kunguru nao wanaijua saa hiyo vizuri. Kiangazi kilichopita nilikuwa nimekaa hapo nikisubiri boti ya kwenda kaskazini, nikamwona kunguru mmoja, wale wenye kifua cheupe, akizoa dagaa watatu kwa mpigo na kuruka nao hadi kwenye rundo la nyavu kuukuu. Akawasokomeza chini ya kipande cha turubai. Kunguru mwingine alikuwa ametua kwenye ukingo wa boti, anamtazama. Wa kwanza akainua kichwa, akamwona, akaondoka akitembea taratibu kama asiye na lolote. Mwenzake aliporuka kufuata vichwa vya samaki vilivyokuwa vinatupwa majini, yule wa kwanza alirudi mbio, akawatoa dagaa wake na kuwahamishia chini ya ubao, hatua kama kumi kutoka pale.

Mpwa wangu alikuwa pembeni yangu na simu mkononi, anatazama video ya dinosaria. Yuko kidato cha pili. "Mjomba," akaniuliza, "kile kimondo kisingeanguka, dinosaria si wangekuwa wameshajenga miji kama sisi?"

Boti ilikuwa inawashwa, kwa hiyo nilimjibu kwa mkato. Lakini swali lake limenikaa kichwani tangu siku ile, kwa sababu linafunga pamoja vitu viwili ambavyo wengi wetu tunaviona kama kimoja: akili na ustaarabu. Kunguru yule ana akili, nimeishuhudia kwa macho yangu. Ustaarabu ni habari nyingine, na kuiona tofauti hiyo hakutupeleki mbali zaidi ya Uvinza. Nitafika huko. Kwanza tuwajue hao tunaowazungumzia.

Neno dinosaria hutufanya tuwaze kabila moja la wanyama walioishi pamoja na kufa pamoja. Haikuwa hivyo. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na kazi ngumu ya kufukua ilifanywa na mamia ya watu wa huko, wakisimamiwa kwa sehemu kubwa na fundi hodari aliyeitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao, Giraffatitan, leo amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kichwa chake kikiwa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Tyrannosaurus rex, yule wa kwenye video, aliishi Amerika ya Kaskazini kati ya miaka milioni 68 na milioni 66 iliyopita. Piga hesabu: T. rex yuko karibu zaidi na mpwa wangu kuliko alivyokuwa karibu na yule mnyama wa Lindi. Kwa hiyo tukisema "dinosaria walikuwa na muda mwingi", tunasema juu ya ukoo mpana uliotawanyika katika zaidi ya miaka milioni 160, ambamo aina zilizuka na kupotea, zikapokewa na nyingine.

Nchi yetu ina sehemu kubwa katika hadithi hiyo. Karibu na Ziwa Nyasa, kwenye bonde la Ruhuhu, ilipatikana mifupa ya Nyasasaurus, mwenye miaka milioni 243 hivi, ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu sana. Na katika bonde la Rukwa, kwenye kingo za mto Mtuka, alipatikana mla majani mwenye shingo ndefu aliyetangazwa 2019 kwa jina ambalo hatuhitaji mkalimani kulielewa: Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Jina la kisayansi, linasomwa hivyo hivyo huko Marekani na China. Nilipolisoma mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Hapa Kigoma usichukue jembe kwenda kuwatafuta. Miamba iliyo chini ya mji wetu ni mikongwe kuliko dinosaria wote, na ziwa lenyewe ni changa, lina miaka kati ya milioni 9 na milioni 12. Dinosaria wa Kigoma wako juu ya ardhi. Wanaiba dagaa.

Hilo silisemi kama fumbo. Ndege ni dinosaria kwa maana ile ile ambayo popo ni mnyama anayenyonyesha. Walitokana na dinosaria wala nyama wa miguu miwili, jamaa wa mbali wa T. rex, na tangu miaka ya 1990 huko China yamefukuliwa mabaki mengi ya dinosaria wenye manyoya na hata mabawa. Kimondo kilipoanguka miaka milioni 66 iliyopita, ukoo mzima ulikatika isipokuwa tawi hilo moja. Kwa hiyo ukiuliza kama dinosaria wangeweza kuwa na akili, unaweza kuwatazama walio hai.

Tuanze na waliokufa, maana ndio wanaobishaniwa. Ubongo hauachi mfupa, ila fuvu hubaki na uwazi ulimokuwa, na uwazi huo unaweza kupimwa. Kwa Giraffatitan una sentimita za ujazo 300 hivi. Ungemimina ubongo wake kwenye chupa ya soda ya kioo, ungeenea, naye alikuwa na uzito wa zaidi ya tani 20. Sokwe wa Gombe ana ubongo wa karibu 400, mtu wa kawaida 1,350 hivi. Wala majani wakubwa wale hawakuwa wajinga kwa maisha yao. Waliishi vizuri mamilioni ya miaka kwa ubongo huo huo. Lakini hakuna dalili kwamba walihitaji zaidi.

Kwa wala nyama mambo yanachangamka. Mwaka 2023 mwanasayansi Suzana Herculano-Houzel alitoa hesabu iliyozua mjadala: kwamba T. rex alikuwa na seli za ubongo zinazokaribia zile za nyani, karibu bilioni tatu katika sehemu inayofikiri. Hapa kwetu tunajua maana ya nyani. Mkulima wa mahindi aliyekwisha kushindana naye atakuambia kuwa nyani anajua siku ulipo shambani na siku ulipo msibani. Hebu wazia akili hiyo kwenye mwili wa tani saba wenye meno marefu kama ndizi. Mwaka uliofuata kundi la wanasayansi likiongozwa na Kai Caspar likarudia hesabu hiyo na kuipunguza sana. Hoja yao kubwa ni rahisi kuielewa kwa mtu aliyewahi kuona fuvu la mamba: kwa mamba mkubwa ubongo haujazi fuvu lake, sehemu kubwa ya uwazi ni nafasi tu. Kama T. rex alikuwa hivyo, basi seli zake zilikuwa kati ya milioni 250 na bilioni 1.7, na tabia yake ilifanana zaidi na ya mamba kuliko ya nyani. Mimi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi. Hata hivyo mamba si wa kudharauliwa. Mamba wa mto Malagarasi hulinda kiota chake na kuwabeba watoto mdomoni hadi majini, na hakuna anayemfundisha.

Anayetajwa mara nyingi katika mjadala huu ni mnyama mdogo wa Kanada, wa jamii ya Troodon. Alikuwa na uzito wa mtu mwembamba, macho makubwa yaliyotazama mbele, vidole virefu vya kushika, na ubongo mkubwa kuliko wa dinosaria wengine ukilinganisha na mwili. Mwaka 1982 Dale Russell, mtaalamu wa visukuku huko Ottawa, pamoja na mchongaji Ron Séguin, walitengeneza sanamu ya kiumbe ambacho mnyama huyo angekuwa leo kama kimondo kisingeanguka. Sanamu hiyo ni maarufu: kiumbe cha kijani kimesimama wima bila mkia, kina kichwa cha mviringo, mabega, mikono miwili mitupu. Kwa kifupi, mtu mwenye magamba.

Ninaiheshimu kazi ya Russell kwa kuwa alithubutu kuuliza. Lakini sanamu ile inatuonyesha kosa linalojificha ndani ya swali zima. Inadhani kwamba akili ina njia moja ya kupanda, na kwamba yeyote anayeipanda ataishia kufanana na sisi. Kwa nini apoteze mkia, wakati mkia ndio uliompa mizani ya kukimbia? Kwa nini asimame wima, wakati ndugu zake wote waliinamisha mwili mbele kama kuku? Mageuko ya viumbe hayana dereva anayejua kituo cha mwisho. Kila kizazi hubeba kilichofaa jana, basi.

Na jibu la dinosaria mwenye akili anavyokuwa tunalo. Lina mabawa.

Watu walimdharau ndege kwa muda mrefu kwa sababu ya udogo wa kichwa chake, na kwa sababu ubongo wake hauna ile mikunjo na matabaka tunayoyaona kwa wanyama wanaonyonyesha. Mwaka 2016 wanasayansi walihesabu seli moja moja, wakakuta kitu kilichowanyamazisha wengi: seli za ubongo wa ndege ni ndogo na zimebanana mno. Kasuku mkubwa wa Amerika ya Kusini, mwenye ubongo wa gramu kama 20 tu, ana seli nyingi katika sehemu ya kufikiri kuliko tumbili mwenye ubongo mzito mara nne. Anayeruka hawezi kubeba mzigo, kwa hiyo ubongo ulipakiwa kama dagaa kwenye kiroba.

Matokeo yake yanaonekana. Kunguru wa kisiwa cha New Caledonia hukata vijiti na kuvichonga kuwa ndoana za kuchomolea wadudu kwenye mashimo. Kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, wa aina wanaotoka misitu ya Kongo ng'ambo ya ziwa letu, alifundishwa na Irene Pepperberg kwa miaka 30, akajifunza kutaja rangi, maumbo, kuhesabu vitu hadi sita na kusema kama vitu viwili vinafanana au la. Na kile nilichokiona Kibirizi kimepimwa katika maabara: mwaka 2001 Nicola Clayton na Nathan Emery walionyesha kuwa ndege fulani wa jamii ya kunguru akionwa na mwenzake anapoficha chakula, hurudi baadaye kukihamisha. Na anayefanya hivyo ni yule ambaye mwenyewe amewahi kuiba. Anayejua wizi ndiye anayemshuku mwenzake.

Ukoo wa ndege na ukoo wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kabla hata ya dinosaria. Kwa hiyo akili hii haikurithiwa kutoka kwa babu mmoja. Imezuka mara mbili, kwenye bongo mbili zilizojengwa tofauti. Kwangu hilo ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika habari hii, kuliko hata ukubwa wa meno ya T. rex.

Basi akili ilikuwepo, na ipo. Sasa twende Uvinza.

Kando ya mto Ruchugi, karibu na unapoingia Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameonyesha kuwa watu walikuwa wakiyachemsha maji hayo kupata chumvi tangu karne ya 5 hivi, yaani zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kila kiangazi, mto ukishapungua na chemchemi kuonekana, watu walikuja kutoka pande zote, wakajenga vibanda, wakachota, wakachemsha, wakaondoka na mizigo ya chumvi kwenda ziwani, kwenda Burundi, kwenda Unyanyembe huko Tabora. Watawala wa Uvinza walitoza ushuru. Sina mfano mzuri zaidi wa ustaarabu, na nimeuchagua kwa makusudi badala ya piramidi, kwa sababu hapa unaweza kuona viungo vyake kimoja kimoja.

Chukua chungu chenyewe. Ili kipatikane, lazima mtu ajue udongo upi haupasuki, aufinyange kwa vidole, aukaushe, auchome. Hakuna mtu mmoja aliyegundua yote hayo. Mmoja aligundua udongo, mwingine vizazi kumi baadaye akagundua kuchanganya mchanga, mwingine akagundua kuni za kuchomea. Kila mmoja alipokea kilichokuwepo na kuongeza chake kidogo. Mwanamke aliyekaa Ruchugi akikoroga maji ya chumvi alikuwa na mikono ya watu elfu moja waliokufa ndani ya mikono yake.

Hapo ndipo sokwe wetu wanapotufundisha. Gombe iko kilomita 16 tu kaskazini ya mji wa Kigoma. Jane Goodall alifika hapo Julai 1960, na miezi michache baadaye alimwona sokwe dume akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa limejaa mchwa, akilifyonza. Kabla ya siku hiyo vitabu vilisema kutengeneza zana ni alama ya binadamu peke yake. Baadaye ikajulikana kuwa sokwe wana hata mila za kienyeji. Sokwe wa Mahale wakisafishana manyoya hushikana mkono mmoja juu ya vichwa vyao, kama watu wanaosalimiana kwa furaha. Wa Gombe hawafanyi hivyo. Kwenye mbuga kavu za Ugalla, kuelekea Tabora, sokwe huchimba mizizi kwa vijiti. Yote haya ni maarifa yanayopita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Lakini bua la Gombe limebaki bua. Kule Ivory Coast, sokwe hupasua njugu ngumu kwa mawe, na wanasayansi walifukua mawe yaliyotumiwa hivyo miaka 4,300 iliyopita: kazi ile ile, kwa namna ile ile. Katika muda huo sisi tulitoka kwenye jiwe tukafika kwenye simu anayoshika mpwa wangu. Sokwe ana akili, ana mikono, ana mila. Anachokosa ni ule mlundikano, wa kuanzia pale baba alipoishia. Na kama yeye, ndugu yetu wa karibu kuliko wote, hajavuka hapo, basi tusimdai dinosaria kwa urahisi.

Rudi sasa kwenye chungu na mtazame mnyama wa Kanada. Vidole vitatu virefu, ndiyo. Lakini mikono ya dinosaria wala nyama ilikuwa imefungwa kwa namna ambayo viganja vilitazamana, kama vya mtu anayetaka kupiga makofi. Hawakuweza kugeuza kiganja juu na chini kama unavyofanya ukigeuza chapati. Wangeweza kukumbatia windo, si kufinyanga. Wale waliogeuka ndege walikwenda mbali zaidi: mkono mzima ukawa bawa, na kazi ya vidole ikahamia kwenye mdomo. Mdomo wa kunguru ni chombo cha ajabu, ila ni mmoja, na uko mahali pale pale anapolia na kulia chakula.

Moto nao una habari yake. Mtu anaweza kudhani dunia ya dinosaria haikuwa na moto. Mkaa uliobaki kwenye miamba ya enzi zao za mwisho unaonyesha mapori yaliwaka mno. Na dinosaria wa leo hawauogopi. Mapori ya miombo yanapochomwa mwezi wa Agosti, tazama juu ya moshi: mwewe wanazunguka. Mmoja anashuka hadi moshi unamfunika, anaibuka na panzi mguuni, anamla angali hewani. Nimesimama kando ya barabara ya Kasulu nikawahesabu wapatao ishirini mbele ya moto mmoja. Huko kaskazini mwa Australia wenyeji wa asili wanasimulia, na watafiti waliandika habari hizo 2017, kwamba baadhi ya ndege wa aina hiyo hubeba kijiti kinachowaka na kukidondosha penye nyasi kavu ili kuwafukuza wadudu. Kwa hiyo kuutumia moto, huenda wamefika. Kuutunza ni jambo jingine: kuukalia usiku, kuulisha kuni, kuuhamisha jikoni, kupika. Binadamu wa kale walikuwa na moto mapangoni Afrika ya Kusini miaka milioni moja iliyopita, na chakula kilichopikwa kilisaidia kulipa gharama ya ubongo wetu, ambao ni asilimia 2 tu ya mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake.

Utoto ndio ninaoupa uzito kuliko mikono na moto, ingawa hauzungumzwi sana. Mlundikano wa maarifa unahitaji mwanafunzi mwenye miaka mingi ya kukaa karibu na mwalimu. Mtoto wa sokwe huhitaji miaka kadhaa mpaka alijue bua la mchwa. Dinosaria wengi waliatamia, hilo tunalijua. Kule Mongolia imepatikana mifupa ya mama, au baba, aliyekufa amekaa juu ya mayai. Lakini wengi walitaga mayai mengi, na kifaranga wa mnyama wa tani 20 alianguliwa akiwa mdogo kuliko mbuzi, akaanza kujitafutia mapema. Aliyeanguliwa na kuachwa porini anarithi mwili wa wazazi wake. Hawezi kurithi chungu chao. Si ajabu kwamba kati ya ndege, wenye akili zaidi ni kunguru na kasuku, ambao makinda wao hukaa na wazazi muda mrefu.

Mpwa wangu aliponisikiliza hadi hapo, maana tuliyaendeleza ndani ya boti, alinibana: "Lakini walikuwa na miaka mingi, mjomba. Sisi tuna michache." Ni kweli, na hoja yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Ila igeuze. Binadamu wa aina yetu tuna miaka kama 300,000. Kilimo kina miaka kama 12,000 tu. Maana yake, kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za maisha yetu, watu wenye ubongo huu huu hawakuwa na mji hata mmoja. Waneandathali, binadamu wa kale wa aina nyingine, walikuwa na ubongo mkubwa kama wetu, walikuwa na moto na zana, wakatoweka bila kupanda hata mbegu. Wangetazamwa na mgeni kutoka mbali miaka 50,000 iliyopita, angesema viumbe hawa wana akili, lakini mji hawatajenga. Muda ulikuwa wa lazima, ila haukutosha. Miaka milioni 160 ya dinosaria ni miaka mingi ya kufanya vizuri yale waliyokuwa wakiyafanya.

Wapo wanaosema: pengine walijenga, ila athari zimefutika. Hili wanasayansi wawili, Gavin Schmidt wa NASA na Adam Frank, walilichukua kwa uzito katika makala yao ya 2018, bila kuamini kwamba ilitokea. Walionyesha kuwa baada ya mamilioni ya miaka majengo na barabara haviwezi kutegemewa kuonekana. Fikiria MV Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha 1916 na ikaibuliwa 1924. Ingeachwa chini ya ziwa kwa miaka milioni 66, isingebaki meli. Pengine ingebaki doa la kutu ndani ya mwamba. Kinachodumu, walisema, ni kemia: kaboni iliyovurugika, metali zilizokaa pasipo pake, plastiki, mabaki ya nyuklia.

Watu wengine hutaja makaa ya mawe: kungekuwa na ustaarabu, yangekuwa yameshachimbwa. Yale ya Ngaka na Mchuchuma, kusini mwa nchi yetu, yalikuwepo ardhini kabla dinosaria wa kwanza hajaanguliwa, na tumeyakuta hayajaguswa. Hoja hiyo naiona dhaifu kidogo, maana makaa yaliyo karibu na uso wa ardhi leo huenda yalikuwa chini mno zamani zile. Ninayoiamini ni ya mawe ya kuchonga. Kabla ya chungu, kabla ya kijiji, lazima kuwe na maelfu ya miaka ya kupasua mawe, na jiwe lililopasuliwa halichakai kirahisi. Olduvai yapo ya zaidi ya miaka milioni 1.8, Kenya yapo ya milioni 3.3. Za dinosaria tumepata nyayo zilizokanyaga tope, maganda ya mayai, hata kinyesi kilichogeuka jiwe. Zana ya jiwe, kutoka Tendaguru hadi Mongolia, haijapatikana hata moja.

Kwa hiyo jibu nililompa mpwa wangu siku ile, boti ikipita mbele ya milima ya Gombe, ni hili. Kimondo kile chenye upana wa kilomita 10 hivi kisingeanguka Mexico, dinosaria wakubwa huenda wangeendelea kuwepo, na wanyama wanaonyonyesha wangeendelea kuishi pembeni, wengi wao usiku. Kunguru wangekuwepo, au mtu wa ukoo wao mwenye werevu kama wao. Mji sidhani. Na sisi tusingekuwepo kuuliza.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa hawa waliopo, wanajifunza kitu kutoka kwetu?"

Nilimweleza habari ya mlembe. Warina asali wa Uvinza na wa Sikonge wanamjua: ndege mdogo wa kahawia anayekuja kukupigia kelele mtini, akiruka mbele yako mti hadi mti mpaka penye mzinga wa nyuki, kwa sababu yeye anapenda nta na wewe una shoka na moshi. Mama yake hutaga kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine, kwa hiyo hana mzazi wa kumwonyesha kazi hiyo. Bado anajifunza. Watafiti waliochapisha matokeo yao 2023 waliwapigia walembe sauti mbalimbali za warina asali. Kwa Wahadzabe wa hapa kwetu, wanaomwita kwa mluzi, walembe waliitikia mluzi huo zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji. Na kule Msumbiji walembe waliitikia zaidi mwito wa Wayao, ule wa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno. Kila ndege amejifunza lugha ya watu wa kwao.

Mrina mmoja niliyefuatana naye porini alipomaliza kutoa asali alichagua sega lenye nta nyingi, akaliweka juu ya jani la mninga, akarudi nyuma hatua tano. Mlembe alishuka hadi tawi la chini, akageuza kichwa kututazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akatua.